select_related, prefetch_related au annotate? Kuchagua njia ya kuvuta data zinazohusiana katika Django

Ukurasa wenyewe ni wa kawaida kabisa. Ni orodha ya mikopo ya SACCOS: jina la mkopaji, tawi lake, wadhamini wake, kiasi alichokopa na kiasi alichokwisha kurejesha. Kwenye kompyuta yangu, nikiwa na mikopo kumi ya majaribio, ulifunguka papo hapo. Miezi michache baada ya kuukabidhi, afisa mikopo akanipigia simu: "Kaka, ule ukurasa wa mikopo tukiufungua asubuhi unazunguka tu, na wanachama wako dirishani wanasubiri." Hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliokuwa umebadilika. Kilichobadilika ni idadi. Mikopo iliyo wazi ilikuwa imefika mia mbili.

ORM, yaani sehemu ya Django inayokuonyesha jedwali za hifadhidata kama objekti za Python, hukuwezesha kuandika `mkopo.mkopaji.tawi.jina` kana kwamba kila kitu kiko mkononi mwako, wakati kila nukta hapo inaweza kuwa safari ya kwenda hifadhidata na kurudi. Django inakupa njia tatu za kupunguza safari hizo, na msanidi anayeanza huzichanganya kwa sababu zote zinaonekana kufanya kazi ileile. Hazifanyi kazi ileile. Hapa nazilinganisha, na pale inapofaa nitazilinganisha pia na SQLAlchemy, maktaba nyingine ya Python ya kufanya kazi na hifadhidata, maana wanaoandika Python wengi hufika mahali wakachagua kati ya hizo mbili.

Modeli za mfano wetu, zikiwa zimepunguzwa:

```python
class Tawi(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=80)

class Mwanachama(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=120)
    tawi = models.ForeignKey(Tawi, on_delete=models.PROTECT,
                             related_name="wanachama")

class Mkopo(models.Model):
    mkopaji = models.ForeignKey(Mwanachama, on_delete=models.PROTECT,
                                related_name="mikopo")
    wadhamini = models.ManyToManyField(Mwanachama, related_name="dhamana")
    kiasi = models.DecimalField(max_digits=12, decimal_places=2)
    hali = models.CharField(max_length=20)

class Rejesho(models.Model):
    mkopo = models.ForeignKey(Mkopo, on_delete=models.CASCADE,
                              related_name="marejesho")
    kiasi = models.DecimalField(max_digits=12, decimal_places=2)
    tarehe = models.DateField()
```

Angalia mwelekeo wa kila uhusiano, kwa sababu uamuzi wote unaanzia hapo. Mkopo mmoja una mkopaji mmoja, na mkopaji mmoja ana tawi moja. Huko tunaelekea upande wa "mmoja". Lakini mkopo mmoja una wadhamini kadhaa na marejesho mengi. Huko tunaelekea upande wa "wengi".

## Bila kuchagua chochote: safari 801

```python
for m in Mkopo.objects.filter(hali="wazi"):
    print(m.mkopaji.jina, m.mkopaji.tawi.jina)
    print([d.jina for d in m.wadhamini.all()])
    print(sum(r.kiasi for r in m.marejesho.all()))
```

Swali (query) moja la kuleta mikopo. Kisha kwa kila mkopo, swali la mkopaji, swali la tawi, swali la wadhamini na swali la marejesho. Mikopo mia mbili mara nne ni 800, ongeza lile la kwanza. Hilo ndilo wasanidi wanaloliita tatizo la N+1, na hapa N imejirudia mara nne. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani alete chumvi, akirudi unamtuma kiberiti, akirudi unamtuma sabuni. Duka liko karibu na kila bidhaa ni rahisi kuibeba, lakini jua linazama mtoto angali njiani.

Tuchukulie kila safari inakula milisekunde 2, yaani seva ya programu na hifadhidata ziko jirani. Hiyo ni sekunde 1.6 za kusubiri njia peke yake. Hifadhidata ikiwa mbali na kila safari ikawa milisekunde 20, utasubiri sekunde 16. Ndiyo maana tatizo hili halionekani kwenye kompyuta ya msanidi: pale hifadhidata iko kwenye mashine ileile na mikopo ni kumi.

Jambo moja linalowashangaza waliozoea SQLAlchemy ni kwamba, hata kama wakopaji mia mbili wote ni wa matawi matano tu, Django italiuliza tawi mara mia mbili. Haikumbuki kwamba Tawi namba 3 lilishaletwa na mkopo uliotangulia. SQLAlchemy inakumbuka. `Session` yake hutunza kila objekti kwa ufunguo wake mkuu, na uhusiano wa kuelekea upande wa mmoja hutazama humo kwanza kabla ya kwenda hifadhidata. Matawi matano, maswali matano. Huo ni ubora wa kweli wa SQLAlchemy, ingawa hauwasaidii wadhamini wala marejesho.

## select_related: kwa upande wa mmoja

```python
Mkopo.objects.filter(hali="wazi").select_related("mkopaji__tawi")
```

Django inaandika `JOIN`, amri ya SQL ya kuunganisha jedwali, ndani ya swali lilelile la mikopo, na kila mstari unaorudi unabeba mkopo, mkopaji na tawi kwa pamoja. Safari 400 zimefutika. Ukiandika `mkopaji__tawi`, mkopaji anakuja naye, huna haja ya kumtaja peke yake. Uhusiano ukiwa unaruhusu kubaki wazi, yaani `null=True`, Django hutumia `LEFT OUTER JOIN`, hivyo mkopo usio na mkopaji haupotei kwenye orodha.

Kwa mwelekeo huu sioni sababu ya kutafuta njia nyingine. Idadi ya mistari haiongezeki hata kidogo: mikopo mia mbili inabaki mistari mia mbili. Gharama yake ni upana tu. Jina la tawi linarudiwa katika kila mstari, na kama Mwanachama ana safu nzito, tuseme maelezo marefu, nayo inasafiri mara mia mbili. Hapo ongeza `only()` na kutaja safu unazozihitaji. Lakini kuwa mwangalifu: safu uliyoiacha ukiigusa baadaye, Django itaifuata kwa swali jipya, na utakuwa umerudi kule kule kwenye N+1 kwa mlango wa nyuma.

Usiiandike ikiwa tupu, `select_related()` bila jina lolote ndani. Itafuata kila ufunguo wa kigeni usioruhusu kubaki wazi, na siku mwenzako akiongeza uhusiano mpya kwenye modeli, swali lako litanenepa bila wewe kujua. Na ukijaribu kuipa `wadhamini`, itakataa kwa kosa la `FieldError`. Kukataa huko ni kwa faida yako, na sababu yake inaonekana katika sehemu inayofuata.

## prefetch_related: kwa upande wa wengi

Wengi tumefundishwa kwamba swali moja ni bora kuliko maswali mawili. Kwa upande wa wengi, kanuni hiyo inapotosha.

Tupige hesabu. Mkopo mmoja una wadhamini 3 na marejesho 24. Ukiunganisha jedwali zote kwa `JOIN` moja, hifadhidata itamlinganisha kila mdhamini na kila rejesho: 3 mara 24 ni mistari 72 kwa mkopo mmoja. Kwa mikopo 200 ni mistari 14,400, na kila mstari unarudia maelezo yote ya mkopo. Ukiyatenga maswali, unapata mistari 200 ya mikopo, 600 ya wadhamini na 4,800 ya marejesho. Jumla ni 5,600, myembamba, katika safari tatu. Safari zimeongezeka mbili, mzigo umepungua zaidi ya nusu.

Hivyo ndivyo `prefetch_related` inavyofanya:

```python
mikopo = (Mkopo.objects.filter(hali="wazi")
          .select_related("mkopaji__tawi")
          .prefetch_related("wadhamini", "marejesho"))
```

Inaleta mikopo kwanza, inakusanya namba zake, kisha inauliza wadhamini wote ambao namba ya mkopo wao imo katika orodha hiyo, halafu marejesho vivyo hivyo. Kugawa nani ni wa nani kunafanyika ndani ya Python. Ilikuja na Django 1.4, Machi 2012. Kabla ya hapo watu walikusanya namba kwa mkono na kujengea kamusi za Python wenyewe, kazi ambayo ungeirudia katika kila mradi.

Sasa mtego wake, ambao umewapata wengi niliowasaidia. Data zilizoletwa hukaa tayari kwa `m.marejesho.all()` pekee. Ukiandika `m.marejesho.filter(tarehe__gte=mwanzo)` ndani ya kitanzi, Django haichuji kile kilichopo. Inaandika swali jipya na kwenda hifadhidata. `order_by` hali kadhalika. Unakuwa umelipa mara mbili: umeleta marejesho yote 4,800 usiyoyatumia, na bado unafunga safari 200. Ukitaka kuchuja, chuja mapema kwa `Prefetch`, iliyoingia toleo la 1.7:

```python
Prefetch(
    "marejesho",
    queryset=Rejesho.objects.filter(tarehe__gte=mwanzo)
                            .order_by("-tarehe"),
    to_attr="ya_mwezi_huu",
)
```

Ninasisitiza `to_attr`. Bila hiyo, `m.marejesho.all()` itakuwa na marejesho ya mwezi huu tu, na mwenzako atakayesoma kiolezo (template) cha ukurasa baada ya nusu mwaka ataamini ameona marejesho yote. Katika mfumo wa fedha, jina linalodanganya ni hatari kuliko ukurasa mzito. Ukiipa jina lake, `m.ya_mwezi_huu` ni orodha ya kawaida ya Python, na anayesoma anajua anachokisoma.

Tangu Django 4.2 unaweza hata kukata, yaani kuomba marejesho matatu ya mwisho ya kila mkopo kwa kuweka `[:3]` mwishoni mwa swali lililo ndani ya `Prefetch`. Zamani hilo lilikuwa likikataliwa, na watu walilazimika kuleta yote.

Kuna kazi moja ambayo `prefetch_related` haifai ilivyo: kutoa faili la mikopo yote tangu SACCOS ianze. Orodha ya namba inakuwa ndefu mno na kila kitu kinakaa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja. Tumia `iterator(chunk_size=2000)`, ilete mafungu kwa mafungu. Hili linafanya kazi pamoja na `prefetch_related` kuanzia toleo la 4.1. Katika matoleo ya nyuma `iterator()` iliipuuza kimyakimya, kwa hiyo kagua toleo lako kabla ya kuamini.

## annotate: pale usipohitaji objekti kabisa

Rudi kwenye ukurasa wa afisa mikopo. Anataka kuona *jumla* iliyorejeshwa. Hataki kuona rejesho moja moja. Basi kwa nini tubebe mistari 4,800 kuja Python ili tuijumlishe, wakati hifadhidata inajua kujumlisha kuliko sisi?

```python
Mkopo.objects.filter(hali="wazi").annotate(imelipwa=Sum("marejesho__kiasi"))
```

Swali moja, mistari 200, jumla iko ndani ya kila mkopo kama `m.imelipwa`. Kwa hesabu yoyote, iwe jumla, idadi, tarehe ya mwisho au ndiyo na hapana, hii ndiyo njia ya kwanza kuifikiria. Mara nyingi tunakimbilia `prefetch_related` kwa sababu tumezoea kufikiri kwa vitanzi.

Lakini sehemu hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu kosa lake halichelewishi ukurasa. Linatoa namba isiyo sahihi, haraka, bila onyo. Tazama mtu anapoongeza idadi ya wadhamini katika swali lilelile:

```python
.annotate(imelipwa=Sum("marejesho__kiasi"),
          idadi=Count("wadhamini"))
```

Django inaunganisha jedwali zote mbili, na ile mistari 72 inarudi. Mwanachama aliyerejesha shilingi 50,000 kwa miezi 24 amelipa 1,200,000. Swali hili litasema amelipa 3,600,000, kwa sababu kila rejesho limehesabiwa mara moja kwa kila mdhamini. Na idadi ya wadhamini itasomeka 72.

Anayetafuta suluhisho ataambiwa aongeze `distinct=True`. Kwa `Count` ni sawa, wadhamini wanarudi kuwa 3. Kwa `Sum` ni balaa. `Sum` yenye `distinct` hujumlisha *kiasi* kilicho tofauti, na marejesho ya SACCOS kwa kawaida ni kiasi kilekile kila mwezi. Marejesho 24 ya 50,000 yatajumlishwa kuwa 50,000. Mtu aliyemaliza deni ataonekana ndiyo kwanza ameanza kulipa. Ukijaribu kwa data ya majaribio yenye viasi tofauti tofauti, jibu litatoka sahihi na utaenda nalo hadi ofisini kwa watu.

Njia salama ni kuipa kila hesabu swali lake dogo la ndani, kwa `Subquery` na `OuterRef` zilizopatikana tangu Django 1.11:

```python
jumla = (Rejesho.objects.filter(mkopo=OuterRef("pk"))
         .order_by()
         .values("mkopo")
         .annotate(j=Sum("kiasi"))
         .values("j"))

Mkopo.objects.annotate(imelipwa=Subquery(jumla))
```

Ni ndefu kidogo, na ile `order_by()` tupu ipo kwa ajili ya matoleo ya kabla ya Django 3.1, ambamo mpangilio wa kawaida wa modeli uliweza kuvuruga makundi. Mkopo ambao haujawa na rejesho lolote utarudisha `None`, kwa hiyo izungushie `Coalesce` upate sifuri. Kanuni ninayoifuata: hesabu moja juu ya uhusiano mmoja wa wengi, `annotate` ya kawaida inatosha. Hesabu ikigusa mahusiano mawili ya wengi, `Subquery` bila mjadala.

## Kuchuja kwa kupitia uhusiano

Kuchuja ni swali la pembeni, ila linaharibu kazi nzuri ya hizo njia tatu. Ukiandika `Mkopo.objects.filter(marejesho__tarehe__gte=mwanzo)`, mkopo wenye marejesho matatu ya kipindi hicho utatokea mara tatu. Wengi humalizia kwa `distinct()`. Inafanya kazi, lakini umeifanya hifadhidata izae nakala kisha izifute. Kama unachouliza ni "lipo rejesho au halipo", uliza hivyo:

```python
yapo = Rejesho.objects.filter(mkopo=OuterRef("pk"), tarehe__gte=mwanzo)
Mkopo.objects.filter(Exists(yapo))
```

Tangu Django 3.0 `Exists` huingia moja kwa moja ndani ya `filter`. Ukiweka `~` mbele yake unapata mikopo isiyo na rejesho lolote katika kipindi hicho, jambo ambalo `exclude` hulipotosha masharti yakiwa mawili juu ya uhusiano wa wengi.

Na kuna hili la `filter` mbili. "Wanachama wenye mkopo ulio wazi unaozidi milioni 5" huandikwa kwa `filter` moja yenye masharti yote mawili, `mikopo__hali="wazi"` na `mikopo__kiasi__gt=5000000`. Hapo mkopo mmoja lazima utimize yote. Ukizigawa ziwe `filter` mbili zinazofuatana, umeuliza jambo jingine: wanachama wenye mkopo wowote ulio wazi, na pia mkopo wowote unaozidi milioni 5, hata kama huo mkubwa ulishalipwa mwaka juzi. Misimbo miwili inafanana machoni, majibu hayafanani.

## Na ukiwa unaamua kati ya Django na SQLAlchemy?

Njia ni zilezile kwa majina mengine. `joinedload` inafanana na `select_related`, na `selectinload`, iliyokuja na SQLAlchemy 1.2 mwishoni mwa 2017, inafanana na `prefetch_related`. Tofauti ni kwamba SQLAlchemy haikuzuii. `joinedload` inakubali uhusiano wa wengi, na ukiweka miwili pamoja unapata ile mistari 14,400. Katika matoleo ya 2.0 itakutaka uite `.unique()` juu ya matokeo. Ukiona ombi hilo, lichukue kama dalili na ujiulize kama `selectinload` isingefaa zaidi. Tena usijaribu kuchuja juu ya jedwali iliyoletwa na `joinedload`, maana haifikiki kwa jina. Andika `join` yako mwenyewe, kisha `contains_eager`.

SQLAlchemy ina kitu ambacho nakitamani sana ninapoandika Django: `raiseload`. Ukiiweka, uhusiano ambao hukuuomba mapema ukiguswa unatoa kosa badala ya kwenda hifadhidata kimyakimya. N+1 inageuka kuwa hitilafu unayoiona siku hiyohiyo, kabla afisa mikopo hajakupigia simu. Kwa mfumo wenye kurasa nyingi nzito na wasanidi wanaobadilika, hiyo peke yake inaweza kunielekeza SQLAlchemy.

Upande wa pili, Django hukutengenezea faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) kwenye kila `ForeignKey` bila kuombwa. SQLAlchemy inasubiri uandike `index=True`, na PostgreSQL yenyewe haiweki faharasa kwenye safu ya ufunguo wa kigeni. Ukisahau, `selectinload` yako safi itapekua jedwali zima la marejesho kila mara. Kwa timu ndogo inayojenga mfumo wa ofisi, wenye fomu, ruhusa na ukurasa wa usimamizi, bado ningeanza na Django. SQLAlchemy inalipa pale maswali yenyewe ndiyo kiini cha mfumo.

Kama unaandika kwa `async`, hukumu ni moja kwa zote: uhusiano usioletwa mapema utakuangushia kosa, `SynchronousOnlyOperation` kwa Django na `MissingGreenlet` kwa SQLAlchemy.

## Kupima

Usiamini jicho, mimi nilikoma. Django ina `assertNumQueries` kwa majaribio, na jaribio ninaloliandika kwa kila ukurasa wa orodha ni hili: tengeneza mikopo 2, hesabu maswali; tengeneza 20, hesabu tena. Idadi ikiwa ileile, ukurasa uko salama. Ikipanda pamoja na mikopo, kuna nukta mahali inakwenda hifadhidata, na mara nyingi imejificha ndani ya kiolezo au ndani ya `__str__` ya modeli. Wakati wa kujenga, django-debug-toolbar itakuonyesha kila swali na idadi ya marudio yake.

Katika data hizo za jaribio, ziwepo kila mara mikopo yenye wadhamini zaidi ya mmoja na marejesho ya kiasi kinachofanana. Bila hizo, kosa la `Sum` halitajitokeza.

## Ukurasa wa afisa mikopo ulivyo sasa

```python
Mkopo.objects.filter(hali="wazi") \
    .select_related("mkopaji__tawi") \
    .prefetch_related("wadhamini") \
    .annotate(imelipwa=Subquery(jumla))
```

Mkopaji na tawi ni upande wa mmoja, wamekuja kwa `JOIN`. Wadhamini ni wengi na majina yao yanahitajika, wamekuja kwa swali la pili. Marejesho yanahitajika kama jumla tu, kwa hiyo hayakuja kabisa. Kutoka maswali 801 hadi 2.

Afisa akibofya mkopo mmoja kuona undani wake, ule ukurasa wa pili nimeuacha bila `select_related` wala `prefetch_related`. Una mkopo mmoja, mkopaji mmoja, tawi moja, orodha moja ya wadhamini na moja ya marejesho. Ni maswali matano leo, na yatabaki matano SACCOS ikifikisha mikopo elfu kumi.